Mkono Uliposimama kwenye Mlango wa Chumvi

Nyinyi mnaoshona vitabu sasa, wa Busia pande zote mbili za mpaka na wa Tororo, mmekuwa mkiniuliza mambo ya kazi mkiwa mmesimama, mguu mmoja ndani mmoja nje, halafu mnaondoka kabla sijafika katikati. Basi kaeni. Nimeandika. Shule niliiacha mapema kwenda kulima, kwa hiyo mkiona herufi zimeinama, zisimamisheni wenyewe. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwapo. Cheo nilipata kimoja tu, nacho nilipewa na mvi: soko lote liliniita Kukhu, yaani bibi, walio damu yangu na wasio damu yangu.

Kazi nilifundishwa Tororo na Mzee Oketcho, ambaye meza yake ilikuwa karibu na reli. Siku ya kwanza nilikwenda na gauni la kanisani, nikidhani kazi ya vitabu ni kazi safi. Hakunikaribisha. Alinitupia kitabu cha nyimbo kisicho na jalada akaniambia nikinuse. Nikanusa. Akaniuliza kinanuka nini, nikasema moshi. Akasema kitabu hicho kimekaa jikoni, karatasi yake imekauka, uzi mwembamba utaikata kama wembe, nitumie wa gunia. Hilo ndilo lilikuwa somo la asubuhi. Somo la mchana lilikuwa kukoroga gundi, na gauni la kanisani halikurudi kanisani tena.

Vifaa vyangu mnavijua, mmeshagawana. Sindano ya gunia. Uzi uliofumuliwa kwenye gunia ukapakwa nta ya mshumaa. Msumari uliochongwa wa kutobolea. Kisu kilichozaliwa na panga lililovunjika la Mzee Oketcho. Gundi ni unga wa muhogo, na ndani yake weka pilipili iliyosagwa, tafadhali msisahau. Mende wa Busia hamwogopi Mungu, lakini pilipili anaiheshimu. Jalada ni mfuko wa saruji, maana Tororo saruji haikosekani. Ila geuza upande wa ndani uwe nje, usije ukamrudishia mtu Biblia yake imeandikwa uzito wa saruji.

Kesi ngumu? Nitawapa moja. Mchungaji mmoja wa upande wa Osukuru aliniletea Biblia iliyoliwa na mbuzi. Mbuzi alikuwa amekula Walawi yote na kuanza Hesabu. Nilimwambia nitaishona lakini sheria hizo sina pa kuzitoa. Akafikiri kidogo, akasema nishone tu, kwa waumini wake hakuna atakayeuliza.

Sasa nije kwenye kukata, maana hapo ndipo wengi wenu mnaharibu.

Mzee Oketcho ndiye aliyeanza. Aliona wanafunzi wanakuja kwa kitabu kinene, kimoja, macho mengi, na kila mmoja anataka akisome kwanza. Akakikata vipande, kila kipande akakishonea jalada lake, watu wakaazima kwa foleni. Umemaliza cha kwanza, unakirudisha, unapewa cha pili. Aliyetangulia haruhusiwi kumwambia aliye nyuma kitu chochote. Ukisema, unarudishwa mwisho wa foleni na unaitwa redio.

Lakini kukata si kupima kwa rula. Mzee alisema maneno ambayo sijawahi kusikia mwalimu akiyasema. Alisema: "Usikate mwisho wa sura. Mwisho wa sura ni pale mwandishi anapomruhusu msomaji alale. Wewe usimruhusu." Basi utapajuaje pa kukata? Unampa mtu kitabu asome kwa sauti, na wewe unashona kitabu kingine. Mkono unafanya kazi, sikio linafanya kazi. Mahali mkono wako unaposimama wenyewe, sindano iko hewani na wewe hujui kwa nini, hapo weka uzi. Hapo ndipo pa kukata. Ukiusimamisha wewe, umedanganya, na msomaji atajua.

Nilipohamia Busia nikaweka meza yangu sokoni, upande wa Uganda, msomaji wangu alikuwa mjukuu wangu Nabwire. Mama yake, binti yangu, alikufa Nabwire akiwa bado mdogo, nikamlea mimi nyumbani, kijijini Masaba. Akitoka shule alikuja mezani, anapanda juu ya debe, anasoma. Alisoma kila kilicholetwa, vya mapenzi, vya majasusi, vya shetani. Nilidhani anaangalia kitabu. Kumbe alikuwa anaangalia mkono wangu. Siku moja, bado na sare ya shule, aliniambia, "Kukhu, huyu mwandishi anapiga kelele nyingi na mkono wako unaendelea tu." Nikajua huyu hatakuwa mshonaji.

Akawa mwalimu. Halafu akaacha ualimu akawa mwandishi, na ukoo mzima ukanijia mimi kana kwamba nimemroga. Anaandika hadithi za ajabu, za watu wanaoishi ndani ya mwamba wa Tororo, wana malkia wao na mazimwi yao na maji yao ya chini. Kwenye jalada hakuweka jina lake. Aliweka Mwana Mwamba. Alisema akiweka la kwao, watu wa Masaba watanunua kwa huruma, na kitabu cha huruma hakisomwi. Ameniruhusu niseme haya sasa. Wakati ule nilikuwa nimefungwa mdomo.

Vitabu viwili vya kwanza vilipata watu. Mashabiki wakajichagulia meza yangu kuwa bunge lao, bila kujua wamekaa kwa nani. Wakubwa wao walikuwa wawili. Wandera, kijana wa upande wa Kenya anayebadilisha pesa pale mpakani, mkoba mbele ya tumbo, kila kitu kwake kinapanda au kinashuka. Na Apolot, msichana wa Kiteso anayesoma chuo Busitema, mdomo kama kisu changu, naye hakubali kitu mpaka akione.

Kitabu cha tatu kikatoka, kinaitwa *Mlango wa Chumvi*. Na hapo ndipo joto lilipoanza.

Nabwire alinijia Masaba, akakaa jikoni, hakugusa chai. Akaniambia wachapishaji wamemwambia wazi: hadithi ina vitabu vinne, lakini hiki cha tatu kisipouzika likizo hii, cha nne hawatakichapa. Na shule yake ya zamani imempigia simu, darasa lake bado liko, wanataka jibu kabla shule hazijafunguliwa. Nikamwambia nitasema na watu wangu sokoni. Akanikazia macho. "Usinitetee, Kukhu. Wakisema kimeoza, acha waseme. Nataka kujua kama kimeoza."

Nikanyamaza. Mnajua mimi kunyamaza ni kazi nzito kuliko kushona.

Wachapishaji walikuwa wametangaza jambo hilo hata kwa mashabiki, kwa hiyo mezani kwangu hakukuwa na hadithi nyingine. Kila asubuhi Wandera alikuja na ripoti. Duka la vitabu la upande wa Kenya liko njiani kwake, anapita na kuangalia. Alisema rundo la *Mlango wa Chumvi* liko vile vile, la juu lina vumbi, na mwenye duka amelisogeza nyuma ya vibweta vya vifaa vya hisabati. Apolot alimjibu kwamba Tororo vililetwa vikaisha. Wandera akamuuliza vililetwa vingapi. Apolot akasema vichache. Wandera akacheka, akasema kichache kikiisha si soko, hiyo ni bahati nasibu. Mwingine akasema kwenye grupu ya simu watu wanakisifu. Apolot akamgeukia huyo pia, akamuuliza wanaokisifu wamekinunua au wanasifu jalada.

Na mimi nashona. Mtu anasema mjukuu wako amekwisha, amelewa sifa za kitabu cha pili, na wewe unaomba upewe mkasi.

Kisha siku moja mchana, mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa, wakaja wote na kitabu kimoja. Wamechanga wakanunua kimoja. Wandera akakiweka mbele yangu akasema, "Kukhu, kata."

Apolot akaweka kiganja juu ya kitabu. "Hapana. Hii kitabu hakuna kukata. Tukikata, tunasoma wote kwa kimoja, halafu cha nne hakuna. Tutakuwa tumekiua sisi, kwa kisu ya Kukhu."

Wandera akasema yeye hanunui mbuzi aliye ndani ya gunia. Kitabu cha pili mwisho wake ulimchosha. Akionja hiki akaona kina utamu, atanunua chake. Akiona hakina, wachapishaji wako sawa, kife. Apolot akamwita msaliti. Wandera akamwambia msaliti ni mwandishi anayelala katikati ya hadithi. Bunge likapasuka, wengine huku wengine kule, na mama wa samaki wa meza ya jirani akaacha kufukuza nzi ili asikie vizuri.

Halafu Apolot akanigeukia. "Kukhu, wewe unasemaje?"

Nyinyi mnaoshona, wekeni akili hapa. Katika miaka yangu yote sikuwahi kukataa kukata kitabu cha mtu. Nilikata vya watu ambao mama zao pia walikuwa jikoni wakisubiri habari. Nikikataa hiki, nimekataa kwa nini? Kwa sababu ni cha kwetu? Na nikikikata, kama Apolot anasema kweli, nimekata mguu wa mtoto wangu mwenyewe.

Wakati nimekwama hapo, nani anakuja na bakuli la chakula changu? Nabwire. Amefunga kitambaa, miguu ina vumbi la Masaba, na hakuna katika bunge anayejua kwamba ndiye Mwana Mwamba. Akaona kitabu. Akaona kisu. Akaweka bakuli mezani, akasimama nyuma ya Wandera kama mteja anayesubiri zamu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kukhu hukata pale mkono unaposimama. Si ndiyo sheria? Someni tuone."

Wandera akapiga mkoba wake kofi. Akasema huyu dada ana akili kuliko bunge lote. Mkono wa Kukhu uamue. Ukisimama, kitabu kiko hai. Usiposimama, tukizike.

Apolot akakichukua, hakufurahi, akaanza kusoma. Mimi nikavuta kitabu cha nyimbo kilichokuwa kinasubiri mgongo mpya, nikaingiza sindano.

Apolot anasoma vizuri. Msichana wa kwenye hadithi anashuka ndani ya mwamba kutafuta maji yaliyofungwa na malkia. Mapema tu likaja zimwi lenye macho mgongoni. Watu wakavuta pumzi, mama wa samaki akasema Yesu. Mkono wangu ukaendelea. Sindano ndani, sindano nje. Wandera akauangalia, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeona bei inashuka.

Vikaja vita kwenye daraja. Panga, moto, daraja linakatika. Mkono ukaendelea. Nilisikia jasho likinitoka chini ya kilemba, maana nilikuwa nausubiri. Niliubembeleza. Simama basi. Hausimami.

"Kukhu, hata hapo?" Wandera akasema, na safari hii hakuwa anadhihaki. Alikuwa ameanza kuogopa kushinda.

"Soma," nikamwambia Apolot.

Na shetani akanijia, sitaficha. Akaniambia: usimamishe wewe. Inua sindano tu, nani atajua? Nikainua macho, nikamwona Nabwire. Hakuwa anamtazama Apolot, wala watu, wala kitabu alichokiandika. Alikuwa anatazama mkono wangu, kama alivyoutazama akiwa juu ya debe. Huyo angejua. Ningewadanganya wote pale sokoni isipokuwa mmoja, na ndiye aliyekuja kuuliza kweli. Nikaendelea kushona. Uzi wa gunia ulinikata kidole, nikaendelea.

Ngurumo ikapiga mbali. Wenye nguo za mitumba wakaanza kufunga.

Apolot akafika kwenye mlango wenyewe. Mlango wa chumvi, mweupe, nyuma yake ziwa lote la chini. Msichana ameambiwa alie mahali pengine pote, lakini pale asilie, maana chozi moja likigusa chumvi, mlango utayeyuka na maji yatameza kila kitu. Hakuna zimwi pale. Hakuna panga. Kimya. Anaweka sikio mlangoni. Upande wa pili anasikia mwiko ukigonga sufuria. Mtu anakoroga uji. Kisha sauti ya mama yake, aliyekufa zamani, inamuuliza kutoka ndani, kama kila siku jioni:

"Umekula?"

Apolot aliacha kusoma. Nilidhani anameza mate. Nikamtazama Wandera, mdomo wazi, mkoba umening'inia pembeni hata mwizi angejichukulia. Mama wa samaki ameshika kisu chake hewani. Ndipo nikaangalia chini. Sindano yangu ilikuwa nje ya kitabu, uzi umelegea, tone la damu kwenye karatasi ya saruji, na mkono hauendi popote.

Mtaniuliza kama ulisimama kwa ajili ya hadithi au kwa ajili ya binti yangu, maana ni yeye aliyekuwa akiuliza hivyo kila tukiingia nyumbani. Sijui. Nimelifikiria sana. Lakini mama wa samaki hakumjua binti yangu, na kisu chake kilisimama pia.

Apolot akafungua mdomo asome jibu la msichana. Nikamnyang'anya kitabu.

"Kukhu, sentensi moja tu," Wandera akasema. "Anajibu nini? Analia? Mwambie asilie."

Nikatia kisu. Panga la Mzee Oketcho liliingia kwenye mgongo wa kile kitabu kama kwenye boga. Nilikikata pale pale, kabla ya jibu, si mwisho wa sura, wala si kwenye vita. Nikakifunga kipande cha kwanza, nikakiweka mezani, na kilichobaki nikakikalia. Nikawaambia kipande cha pili watapata nikishamaliza kukishona, kwa foleni, kama sheria. Wakanung'unika vibaya sana. Apolot alinitazama kwa chuki ya kweli, akasema, "Wewe mama ni mkatili," na machozi yalikuwa yamemjaa. Nikamwambia aangalie asije akayeyusha mlango.

Nabwire alichukua bakuli lake akaondoka. Kifuniko alikisahau.

Mvua ikatutawanya.

Kesho yake foleni ya kipande cha pili ilikuwa ndefu na yenye hasira, lakini Wandera hakuwamo. Alikuja akakaa pembeni, anapiga mluzi, mtu mwenye amani zake. Apolot alimzunguka mara moja kama mbwa wa polisi. Akamuuliza mbona hapangi foleni. Wandera akasema hana haraka. Akamuuliza msichana alijibu nini. Wandera akasema hajui, na akawa mwekundu masikioni, mtu mweusi kama sufuria. Apolot akamfungua mkoba palepale. Kati ya noti za nchi mbili kulikuwa na *Mlango wa Chumvi*, kizima. Alikuwa amevuka mpaka kwenye mvua, akagonga kioo cha duka likifungwa.

"Mbuzi ndani ya gunia," Apolot akamwambia.

"Nimeshamwona mkia," Wandera akajibu.

Apolot naye hakusubiri foleni hiyo. Aliondoka kwenda Tororo na akakosa, akarudi akavuka upande wa Kenya. Wengine wakafuata, si wote, lakini wengi. Mwenye duka akavitoa nyuma ya vibweta vya hisabati akaviweka kwenye kioo. Kipande changu cha kwanza kilikwenda Masaba, kikaenda Osukuru, kikaenda mabweni ya Busitema, na kila kilikofika, mtu mmoja alifika kwenye "Umekula?" akakasirika, akatafuta nauli.

Sisemi ni kisu changu kilichokiuza kile kitabu. Wapo wanaosema ni redio, wapo wanaosema ni likizo. Bunge linabishana mpaka leo. Ninachojua ni kwamba kabla shule hazijafunguliwa, wachapishaji walimpigia Nabwire simu kuuliza cha nne kitakuwa tayari lini, naye akaipigia shule kuwaambia wampe darasa mtu mwingine. Ukoo ulinijia tena kusema nimemroga. Safari hii niliwaambia ndiyo.

Alipokuja kuchukua kifuniko chake, aliniambia pale nilipokata si pale alipotaka yeye. Alikuwa ameweka moyo wake wote kwenye daraja. Nikamwambia daraja lake ni kelele, na mwalimu wangu asingeliwekea hata uzi. Alicheka, akalia kidogo, akala.

Kitabu kile ndicho nilichokata mwisho. Vidole vimekataa, na panga la Mzee Oketcho liko kwa mmoja wenu, anajijua, alinoe. Wandera, ukisoma haya, ndiyo, yule dada wa bakuli ndiye, na umemwita mwenye akili mbele ya mashahidi. Apolot, sijakusamehe kuniita mkatili, lakini uendelee.

Siku hizi Nabwire huja Masaba na karatasi za kitabu cha nne. Sina sindano tena, kwa hiyo huniwekea ungo wa maharagwe nichague, mabovu huku mazima huku, naye anasoma. Hasemi kitu juu ya mkono wangu, na mimi sisemi. Juzi alisoma mpaka mwisho wa sura nzima, vita tupu, mazimwi matatu, malkia ameanguka kutoka juu ya mwamba. Akasubiri.

Nikamwonyesha ungo. Maharagwe yote yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa.

Akakunja karatasi, akazirudisha mfukoni, akaenda kuandika upya.